Namba za Ubavuni: Habari za Mpira wa Mbele wa Pikipiki ya Zamani

Nataka kuwaeleza habari za kitu ambacho kila mtu amekiona, lakini wachache wamekisoma. Ubavuni mwa mpira wa kila pikipiki zimeandikwa namba. Katika pikipiki nyingi za kuchukulia abiria tuzionazo barabarani, mpira wa mbele umeandikwa 2.75-17, na wa nyuma 3.00-17. Namba ya kwanza ni unene wa mpira kwa inchi. Ya pili ni kipenyo cha rimu, yaani urefu wa mstari upitao katikati ya gurudumu kutoka upande mmoja hata upande wa pili. Hapo hapana fumbo.

Lakini mtu akipata pikipiki ya zamani, tuseme iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938, akataka kuirudisha barabarani, ataona kwamba namba zaweza kumdanganya. Maana zimeandikwa kwa desturi tatu mbalimbali, na kila desturi ilizaliwa wakati wake na kwa sababu yake. Asiyezijua atanunua mpira usioingia; au, jambo lililo baya zaidi, atanunua mpira unaoingia lakini haukai.

Nautaja mpira wa mbele hasa, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo liongozalo, na mpanda pikipiki akikaza breki uzito wote humwagika mbele. Mpira wa nyuma ukitoka upepo ghafula, pikipiki huyumba, na mpandaji mwenye moyo mtulivu aghalabu huweza kuizuia hata isimame. Wa mbele ukiiacha rimu yake katika mwendo, usukani hauongozi tena kitu chochote.

Sasa tuanze mwanzo. Katika Kiswahili neno mpira lina kazi nyingi: ni utomvu wa mti ukishagandishwa, ni kitu cha kuchezea watoto, ni bomba la kumwagilia bustani, tena ni huu wa gurudumu. Mtu wa kwanza aliyefikiri kuujaza upepo na kuuvika gurudumu alikuwa kijana wa Scotland, jina lake Robert William Thomson. Alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake mwaka 1845, naye ana umri wa miaka 23 tu. Mwaka 1847 magari ya farasi yenye magurudumu yake yalijaribiwa katika bustani ya Regent's Park mjini London, yakaenda bila kishindo, na farasi wakayavuta kwa wepesi kuliko yale ya chuma. Walakini gharama ilikuwa kubwa, baisikeli za watu wengi zilikuwa hazijapatikana, na pikipiki haikuwako kabisa. Uvumbuzi ukasahauliwa.

Zikapita zaidi ya miaka 40. Ndipo John Boyd Dunlop, naye mtu wa Scotland, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, akamtengenezea mwanawe mipira ya upepo kwa ajili ya baisikeli yake ya magurudumu matatu. Mwaka 1888 akapata hati yake, bila kujua kwamba Thomson alimtangulia. Mwaka 1889 mpanda baisikeli mmoja, Willie Hume, akashinda mashindano Belfast akiwa juu ya mipira ya Dunlop, na waliokuja kucheka wakaondoka wakiulizia bei. Ile hati ya Dunlop ilitanguliwa mwaka uliofuata, ilipogunduliwa ile ya Thomson, lakini biashara ilikuwa imekwisha simama kwa miguu yake.

Hapa sipendi kupita bila kutaja jambo moja. Viwanda vilipoanza kuutaka mpira kwa pupa, mwingi ulitoka katika misitu ya Brazil, na mwingine katika misitu ya Kongo, iliyokuwa tangu 1885 milki ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yeye mwenyewe. Wanakijiji walilazimishwa kwenda msituni kugema mitambaazi ya mpira. Wake zao walifungwa wawe rehani. Na habari za mikono iliyokatwa ziliandikwa katika taarifa ya Roger Casement ya 1904. Mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa nchi ile, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Baadaye mashamba ya Malaya na Ceylon, yaliyotokana na mbegu alizozichukua Henry Wickham kutoka Brazil mwaka 1876, yakatoa mpira mwingi zaidi. Mtu anayesifu wororo wa magurudumu ya siku zile na akumbuke ulilipiwa na nani.

Turudi kwenye rimu. Mpira wa Dunlop ulikuwa umegandishwa na kufungwa katika gurudumu kwa kitambaa, hata mtu akipata pancha alikuwa na kazi ya saa nyingi. Ilitakiwa njia ya kuuvua na kuuvika tena. Mwaka 1890 zikatokea njia mbili, na katika tofauti ya njia hizo ndimo ulimozaliwa mkanganyo wetu wote.

Njia ya kwanza ilikuwa ya William Bartlett, Mmarekani aliyefanya kazi Edinburgh. Mpira wake ulikuwa na midomo minene ya mpira mgumu, na rimu ilikuwa na kingo zilizokunjwa kwa ndani kama ndoana. Midomo iliingia chini ya zile ndoana, na upepo ulipojazwa uliisukuma ikabana. Kila kitu kilitegemea upepo. Upepo ukipungua, midomo hulegea. Na kwa kuwa mipira ile haina waya ndani yake, yaweza kunyumbuka na kuiruka rimu. Kwa sababu hiyo mafundi walipitisha skrubu katika rimu ili kuishikilia midomo, na wenye pikipiki walishauriwa kupima upepo kila mara.

Njia ya pili ilikuwa ya Mwingereza Charles Kingston Welch. Yeye alitia waya wa chuma katika kingo zote mbili za mpira. Waya haunyumbuki, na duara yake ni ndogo kuliko ukingo wa nje wa rimu, basi mpira hauwezi kutoka wenyewe. Mtaniuliza, kama hauwezi kutoka, uliingiaje? Welch aliacha bonde katikati ya rimu. Fundi huusukuma upande mmoja wa mpira chini bondeni, na upande wa pili hupata nafasi ya kupanda juu ya ukingo. Mkitaka kuyaona haya, tazameni rimu ya pikipiki yoyote yenye spoki iliyovuliwa mpira wake: bonde lile liko mpaka leo.

Njia ya waya ilikuwa bora, nami nashangaa kwamba pikipiki zilichelewa kuishika. Kwa muda wa miaka 30 na zaidi pikipiki za Uingereza zilikwenda kwa mipira ya midomo. Triumph Model H, iliyochukua barua za jeshi la Uingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ilivaa mipira ya namna hiyo. Kati ya 1925 na 1930 hivi ndipo viwanda vilipohamia kwenye waya.

Basi desturi ya kwanza ya namba ni ya mipira ya midomo. Ubavuni iliandikwa, mathalani, 26 x 3, au 26 x 2½, au 28 x 3. Hapo 26 si rimu. Ni kipenyo cha mpira wote kwa nje, ukishajazwa upepo. Mwanafunzi wa darasa la hesabu aweza kuitafuta rimu: atoe unene mara mbili, kwa kuwa mpira uko juu ya rimu na chini yake pia. 26 toa 6 ni 20. 26 toa 5 ni 21. 28 toa 6 ni 22. Hesabu hii ni ya kukadiria, wala mtu asiagize mpira kwa hesabu tupu, lakini yaonyesha kwamba mipira miwili yenye 26 yaweza kudai rimu mbili mbalimbali.

Desturi ya pili ilikuja pamoja na waya, nayo ndiyo iliyowakosesha watu wengi. Mwanzoni watengenezaji waliendelea kutaja kipenyo cha nje, ila unene wakauandika kwa desimali: 26 x 3.00, 26 x 3.25, 26 x 3.50. Aghalabu mkiona nusu na robo zimeandikwa kwa sehemu, kama 2½, ni mpira wa midomo. Mkiona desimali, ni mpira wa waya. Tofauti ndogo ya kalamu, lakini kwa mwenye pikipiki ni kubwa mno. Mpira wa waya ukiwekwa juu ya rimu yenye ndoana hauna mahali pake pa kukaa, na mpira wa midomo juu ya rimu yenye bonde hauna cha kushika. Hapana fundi aliye stadi hata aweze kuvipatanisha.

Nitatoa mfano wa pikipiki yenye sifa, Triumph Speed Twin, aliyoibuni Edward Turner, nayo ikatolewa kwa ajili ya mwaka 1938. Karatasi za kiwanda zasema mpira wa mbele ni 26 x 3.00, na wa nyuma ni 26 x 3.50. Msomaji asiyejua husema, Vema, magurudumu yote mawili ni 26, basi rimu ni sawasawa. Sivyo. 26 toa 6 ni rimu ya inchi 20 mbele. 26 toa 7 ni rimu ya inchi 19 nyuma. Kwa hiyo mpira wa mbele kwa namba za baadaye ni 3.00-20, na wa nyuma ni 3.50-19. Yale magurudumu yalifanana urefu wakati pikipiki imesimama, lakini chini ya mipira hayakufanana hata kidogo.

Tena kuna 26 x 3.25. Fanyeni hesabu: 26 toa 6.50 ni 19½. Rimu hiyo haiko. Mpira huo ni wa rimu ya 19, na ile 26 ilikuwa imekadiriwa tu ili namba ipendeze. Hapo ndipo mtu anayeifuata hesabu kama msahafu anapopotea. Ndiyo maana watengenezaji wenyewe waliichoka desturi hii, wakaanza kuandika unene kwanza na rimu baadaye: 3.25-19. Namba hiyo husema inachosema.

Katika vita vya 1939 hadi 1945 namba hii 3.25-19 ilipata umaarufu. BSA M20, pikipiki iliyotengenezwa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya majeshi, ilivaa 3.25-19 mbele na nyuma. Norton 16H na Matchless G3/L zilifanya vivyo hivyo. Kwa jeshi faida yake ni dhahiri: katika jangwa la Misri na Libya, ghala moja lilitosha pikipiki za viwanda vitatu, na mpira mmoja wa akiba ulifaa gurudumu lolote. Vita vilipokwisha, Speed Twin ya 1946 nayo ikatoka na 3.25-19 mbele. Ndiyo kusema pikipiki mbili zenye jina moja, ya 1938 na ya 1946, hazivai mpira mmoja wa mbele. Anayeagiza kwa jina la pikipiki bila kutaja mwaka hujitafutia taabu.

Desturi ya tatu ilienea katika miaka ya 1970 na 1980, nayo hutumia milimita pamoja na inchi, kwa namna ambayo mwalimu wa hesabu asingeisifu. Mpira huandikwa 90/90-19. Ile 90 ya kwanza ni upana wa mpira kwa milimita. Ile ya pili ni kimo cha ubavu, si kwa milimita bali kwa sehemu katika mia ya upana. Na 19 ni rimu, kwa inchi kama zamani. Fundi hodari hapaswi kuogopa. Rimu ya inchi 19 ni milimita 483 hivi. Ubavu ni 90 katika mia ya 90, yaani 81; mara mbili ni 162. Jumla ni 645. Mpira wa zamani wa 3.25-19, ambao kimo chake ni karibu sawa na upana wake, ni 483 na mara mbili ya 82½, yaani 648. Tofauti ni milimita 3, na hakuna mpandaji atakayeihisi. Kwa njia hiyo hiyo 100/90-19 hukaribiana na 3.50-19. Basi palipoandikwa 3.25-19, na dukani hamna ila 90/90-19, urefu hautamdhuru mtu. Upana ndio wa kutazamwa.

Maana rimu nayo ina upana. Rimu nyingi za pikipiki za Uingereza zimegongwa herufi WM na namba: WM1 ni inchi 1.60 kati ya kingo zake, WM2 ni 1.85, WM3 ni 2.15. Mpira wa 3.00 hukaa vizuri juu ya WM1, wa 3.25 na 3.50 juu ya WM2, wa 4.00 juu ya WM3. Kijana apendaye pikipiki yake ionekane na kifua huweka mpira mnene juu ya rimu nyembamba. Rimu huubana kiunoni, na uso wake hutoka umechongoka kama mgongo wa samaki. Sehemu inayogusa njia hupungua badala ya kuongezeka, na pikipiki huwa nzito kugeuza. Pengine mpira hugusa madigadi au mikono ya mbele inayoshika gurudumu. Usipogusa ukiwa umesimama, tope likiingia utagusa.

Tena mtu asizibadili inchi za gurudumu la mbele kwa kupenda sura. Gurudumu la mbele likizidi kimo, pua ya pikipiki huinuka na mikono hulala zaidi kuliko alivyokusudia mbuni. Pikipiki hunyoosha vema katika njia iliyonyoka, lakini huwa nzito kuingia kona. Likipungua kimo, hugeuka upesi mno, na katika mchanga usukani hutetemeka mikononi. Katika pikipiki kadhaa za zamani saa ya mwendo huendeshwa na gurudumu la mbele, basi hiyo nayo itasema uongo.

Sasa jinsi ya kupima, kwa aliye na pikipiki yenyewe mbele yake. Asiutazame kwanza mpira uliomo. Huenda aliyekuwa nayo mbele yake alitia alichokipata. Aivue mipira, aisugue rimu kwa brashi, atafute namba zilizogongwa karibu na tundu la kutilia upepo. Akizikuta, kazi imekwisha. Asipozikuta, apime; na hapa wengi hukosea. Ukingo wa rimu umesimama zaidi ya nusu inchi juu ya mahali mpira unapokalia. Mtu akipima rimu ya 19 kutoka ukingo wa nje hata ukingo wa nje, kamba itamwambia 20 na kitu. Ataamini ana rimu ya 20, hasa ikiwa pikipiki ni Triumph ya zamani, na ataagiza 3.00-20. Mpira huo utaingia kwa urahisi wa ajabu, bila kutumia nguvu. Urahisi huo ndio dalili mbaya: waya zimelegea, na siku ya breki kali mpira utazunguka peke yake na kuikata vali ya mpira wa ndani. Kipimo cha haki ni mahali pa kukalia mpira, ndani ya ukingo.

Rimu ikishajulikana, iliyobaki ni kuchagua uso wa mpira. Mipira ya mbele ya zamani ilikuwa na mistari mirefu inayozunguka gurudumu, nayo hufaa katika njia ya lami kwa kuwa hulizuia gurudumu lisiteleze kando. Katika njia za udongo mistari hiyo hujaa tope mara moja. Huko meno ya vipande vipande ni bora. Kama ubavuni pana mshale, ufuatwe, na kama pana mishale miwili, mmoja ni wa mbele na mwingine wa nyuma, kwa sababu gurudumu la nyuma husukuma na la mbele huzuia, na nguvu hizo huvuta mpira pande mbili zinazopingana.

Mwisho atazame umri. Mpira hugumu ukikaa, hata kama haujaenda maili moja, na wenye pikipiki za zamani hupenda kununua mipira iliyolala ghalani kwa kuwa ina jina na sura ya wakati ule. Katika mipira iliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tafuta namba nne mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira usio na namba hizo nne una umri mkubwa, hata ukiwa unang'aa kama kiatu kipya.

Ukishavikwa na kujazwa upepo, lizungushe gurudumu likiwa limeinuliwa juu ya kigogo. Kando ya rimu, ubavuni mwa mpira, pana mstari mwembamba uliofanyizwa na kiwanda. Mstari huo uwe mbali na rimu kwa kiasi kimoja pande zote. Mahali unapozama, mpira haujakaa: toa upepo, pakaza maji ya sabuni, ujaze tena. Kisha endesha polepole katika maili 100 za kwanza, maana uso wa mpira mpya una utelezi wa kiwandani, na kona ya kwanza haijui kwamba umelipa bei ghali.